Kitako cha bunduki kimekwaruzika: vanishi hapana, na mafuta ya nazi pia hapana

SWALI: Shikamoo fundi. Nina bunduki ya kuwindia, Mauser 98 ya risasi za 9.3×62, niliyorithi kwa baba, na leseni iko kwa jina langu. Kitako chake ni cha mbao ya kahawia yenye michirizi myeusi. Mzee alikuwa akikipaka mafuta tu, sijawahi kuona kikipigwa vanishi. Mwezi uliopita bunduki ilisafiri kwenye pikapu bila mkoba wake, ikigongana na jeki njia nzima. Sasa ubavu wa kushoto una mikwaruzo mingi myembamba, mbele chini ya mtutu pamebonyea, na karibu na kisigino cha kitako kuna mchubuko wa kina, kipande cha mbao kimeinuka lakini hakijang'oka. Halafu nyuma ya komeo, kile chuma cha kusukumia na kufungia risasi, mbao imekuwa nyeusi na inanata. Seremala wa mtaani anasema tuipige msasa wa mashine yote kisha vanishi mikono miwili. Rafiki yangu anasema nipake mafuta ya nazi, itang'aa yenyewe. Nimfuate nani? – Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba. Usimfuate hata mmoja.

Seremala wako si mjinga. Kwa meza ya sebuleni ushauri wake ungefaa. Ila msasa wa mashine hauijui bunduki. Kwenye Mauser iliyotengenezwa vizuri, mbao na chuma vinakutana sawasawa: ukipitisha ukucha kutoka kwenye mbao hadi kwenye chuma, haukwami. Mashine ikipita hapo dakika mbili tu, mbao inashuka chini ya chuma, kingo zinakuwa butu, na nakshi za kushikia, ile michoro ya kukwaruza inayozuia mkono usiteleze, zinafutika. Mbao ikishaondoka hairudi. Na yote hayo kwa ajili ya mikwaruzo ambayo, kwa jinsi ulivyoieleza, mingi haihitaji hata kipande cha msasa mkavu.

Hiyo bunduki ina historia ya kuheshimiwa. Risasi ya 9.3×62 ilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, mtengenezaji bunduki wa Berlin, ili iingie kwenye Mauser 98 bila mabadiliko makubwa na iwafae wawindaji na walowezi waliokuwa wakielekea makoloni ya Afrika. Hivyo kuikuta Tabora si ajabu. Mbao ya kahawia yenye michirizi myeusi karibu bila shaka ni wolnati ya Ulaya, na wolnati ndiyo mbao rahisi kuliko zote kutibu ikiwa imemalizwa kwa mafuta. Vanishi ni ngozi iliyolala juu ya mbao. Ikikwaruzika inaacha mstari mweupe, na kuifanyia kiraka pasionekane ni kazi. Mafuta yameingia ndani ya mbao. Unashughulikia sehemu ndogo ya kidole kimoja, unapaka, na baada ya siku chache hakuna anayejua ulianzia wapi. Hiyo ndiyo faida kubwa aliyokuachia mzee wako, na ukipiga vanishi unaitupa.

Kuhusu nazi. Si kila mafuta hukauka. Mafuta ya kitani, ambayo madukani utayasikia yakiitwa linsidi, yakikutana na hewa yanavuta oksijeni na kugeuka kuwa kitu kigumu chenye kunyumbuka kidogo. Wakemia wanapima tabia hiyo kwa namba ya iodini: mafuta ya kitani yako kwenye 170 hadi 200 hivi, ya alizeti yako katikati, kati ya 110 na 145, na ya nazi hayafiki hata 15. Maana yake mafuta ya nazi hayatakauka leo wala mwakani. Yatang'aa siku ya kwanza kama rafiki yako alivyosema, kisha yatashika vumbi, yatachacha, na mbaya zaidi, yatazuia mafuta sahihi yasiingie utakapojuta. Vivyo hivyo kwa mafuta ya injini na dawa ya viatu, ambavyo nimeletewa vyote viwili juu ya wolnati nzuri. Kama huko nyuma iliwahi kupakwa nazi, utalazimika kuitoa kwanza kwa tapentaini.

Kabla ya lolote, hakikisha kwamba kweli ni mafuta. Kumbukumbu ya mtoto kuhusu alichokuwa akipaka baba si ushahidi wa kutosha. Huenda mzee alikuwa akipaka mafuta juu ya kitu kingine cha kiwandani. Chagua mahali pasipoonekana, mfano chini karibu na sahani ya kitako, lile bamba linalofunika mwisho wake. Gusa kwa pamba yenye spiriti: ikinata na kulainika, ni shelaki. Kwingine jirani gusa kwa thina kali: ikilainika, ni laka. Ikiwa havifanyi kitu, na ukikwangua kwa ncha ya kisu inatoka ganda kama plastiki, ni vanishi, na sehemu kubwa ya jibu hili haikuhusu. Ikiwa hakuna ganda, mbao inaonekana yenyewe na vinyweleo vyake, yaani vitundu vyake vidogo, na tone la mafuta ya kitani likiachwa linazama taratibu, endelea.

Sasa usalama, nao sifupishi. Toa komeo. Tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole. Tazama magazini. Risasi zote ziwe chumba kingine, si kwenye droo ya meza unayofanyia kazi. Kisha fungua zile skrubu mbili kubwa za chini, ya mbele na ya nyuma. Mauser nyingi zina vijiskrubu vidogo vinavyozuia hizo kubwa zisilegee. Anza na hivyo. Tumia bisibisi ambayo ncha yake inajaza mfereji wa skrubu kikamilifu, maana skrubu iliyochunika kichwa kwenye bunduki ya zamani inaudhi macho kuliko mkwaruzo wowote. Chuma kikishatoka, kifungie kwenye kabati lake kama sheria inavyotaka. Ukihitaji mkono wa seremala baadaye, mpelekee mbao tupu. Bunduki yenyewe haiachwi kwa mtu asiye na kibali cha kushika au kutengeneza silaha, hata awe shemeji yako. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina mzaha kwa hilo, na ukiwa na shaka yoyote uliza polisi wanaosimamia leseni yako.

Sahani ya kitako iache mahali pake. Watu wengi wanaiondoa ili wafanye kazi kwa raha, halafu wakiirudisha wanaikuta imekuwa kubwa kuliko mbao kwa upana wa uzi pande zote, maana msasa umekula mbao.

Anza kwa kusafisha. Kitambaa cha pamba, tapentaini kidogo, sugua kufuata nyuzi za mbao mpaka kitambaa kiache kutoka na weusi. Kwenye nakshi za kushikia tumia mswaki wa zamani. Vitabu vingi vitakuambia utumie stilwaya laini ya 0000. Mimi siipendi kwenye wolnati. Vipande vyake vinabaki kwenye vinyweleo, vinapata unyevu, vinashika kutu, na tanini ya wolnati inavigeuza kuwa vidoa vyeusi visivyotoka. Sponji ya kijani ya kusugulia vyombo, ile iliyokwishalainika kwa kutumika, inafanya kazi hiyo hiyo bila deni.

Mbao ikiwa bado imelowa tapentaini, isogeze kwenye mwanga wa dirisha uitazame kwa ubavu. Hapa ndipo utajua kazi yako ni kubwa kiasi gani. Mkwaruzo unaopotea mbao ikilowa uko kwenye mafuta ya juu tu, na mafuta mapya yataufuta. Unaobaki ukionekana kama uzi mwembamba umeingia kwenye mbao lakini kidogo. Ule ambao ukucha unakwama umekata nyuzi. Weka alama kwa chaki pembeni ya hiyo ya aina ya tatu, maana tapentaini ikikauka yote itafanana tena na utaanza kuhangaika na isiyo na tatizo.

Palipobonyea mbele chini ya mtutu pana habari njema. Jeki imezikandamiza nyuzi, haijazikata, na nyuzi zilizokandamizwa zinaweza kuinuliwa kwa mvuke. Chukua kitambaa cha pamba nyeupe, si cha rangi, kiloweshe na ukikamue kisiwe kinachuruzika. Kikunje mara mbili, kiweke juu ya mbonyeo peke yake. Pasi iwe kwenye moto wa pamba. Gusa kwa ncha ya pasi tu, juu ya kitambaa, uisikie ikichachatika. Sauti ikifa, ondoa. Usiende zaidi ya hapo, maana baada ya maji kuisha moto unaenda moja kwa moja kwenye mbao na kuiunguza. Lowesha tena, rudia. Mara ya kwanza huoni kitu, na watu wengi hukata tamaa hapo. Mafuta ya zamani yanazuia mvuke usiingie. Kuanzia mara ya tatu au ya nne utaona kingo za mbonyeo zimeanza kufifia, kisha sakafu yake inapanda. Acha kikiwa kimepanda kupita usawa kidogo tu, kwani kikikauka kinashuka. Pasi ya mkaa nayo inafaa kabisa mradi usiruhusu majivu yadondoke kwenye kitambaa chenye maji, yatatia doa. Kama bunduki iliwahi kuwekewa gundi ya epoksi ndani ya mfereji ambamo chuma kinakaa, moto usikae karibu na hapo.

Iache mbao usiku na mchana mzima. Ukirudi utakuta imeota vinywele vikali kama kidevu kisichonyolewa. Vikate kwa msasa wa 400, kwa mkono mwepesi sana, mara tatu nne kufuata nyuzi. Basi.

Mikwaruzo myembamba ya ubavuni inatibiwa kwa mafuta na msasa wa maji kwa pamoja. Nunua msasa mweusi wa maji wa namba 600, na wa 400 kwa ile iliyokaidi. Kata kipande cha ukubwa wa sanduku la kiberiti, kizungushie kipande cha mpira wa tairi la baiskeli ili kidole chako kisichimbe. Dondosha matone machache ya mafuta ya kitani juu ya mkwaruzo, usugue polepole kufuata nyuzi, ukivuka mkwaruzo kwa sentimita tano kila upande. Ukibaki pale pale penye mkwaruzo utachimba bonde ambalo mkono hautalihisi, lakini jua la saa kumi litalionyesha. Baada ya dakika chache utaona tope la kahawia: ni vumbi la mbao hiyo hiyo lililochanganyika na mafuta. Usilifute kwa kufuata nyuzi, utalitoa lote. Lifute kukatisha nyuzi, kwa upande wa mkono au kitambaa, ili libaki kwenye vinyweleo na kwenye mkwaruzo. Likikauka linakuwa kijazio cha rangi ileile kabisa, na hakuna kinachouzwa dukani kitakachokupa rangi hiyo. Kesho rudia. Kwa wolnati yenye afya mara mbili au tatu zinatosha.

Usiguse nakshi kwa msasa. Na kama ubavuni kuna muhuri wowote, herufi, namba au alama ya fundi aliyeitengeneza, zunguka mbali. Mkwaruzo uliokatiza muhuri ni bora kuliko muhuri usiopo, na siku ukitaka kuiuza, mnunuzi anayejua atatafuta hiyo kabla ya kutazama mng'ao.

Tuje kwenye kisigino. Umesema kipande kimeinuka lakini hakijang'oka: kwa hiyo usiking'oe, hata kama kinakukera. Hakuna kiraka duniani kitakachofuata nyuzi za hapo kuliko hicho chenyewe. Piga mvuke kidogo sana ili kilainike na kirudi mahali pake kisije kikavunjika. Kiache kikauke, kisafishe chini yake kwa asetoni kwenye ncha ya kijiti cha meno, kisha ingiza gundi ya epoksi inayokauka polepole. Ile ya dakika tano inakukimbiza, na supaglu ikimwagika pembeni inaziba mbao, mafuta hayaingii tena na pale panabaki na doa linalong'aa. Kibane kwa mpira wa baiskeli uliozungushwa mara kadhaa, katikati ukiweka kipande cha nailoni ili mpira usinate. Siku ya pili fungua, punguza gundi iliyojitokeza kwa wembe, malizia kwa mafuta na msasa wa 400 kama ubavuni.

Pakibaki kishimo, unaweza kukijaza kwa epoksi iliyochanganywa na vumbi la wolnati. Vumbi hilo lipate ndani ya mfereji wa mtutu, pahali pasipoonekana, kwa kukwangua kidogo tu. Ujue mapema kwamba mchanganyiko huo hutoka mweusi kuliko mbao ya jirani. Ukiupa umbo refu jembamba unaofuata mchirizi, jicho litaudhani ni mchirizi mwingine. Ukiuacha wa duara, kila mtu atauliza ni nini kile. Kwa bunduki yangu mwenyewe kishimo kidogo cha kisigino ningekipaka mafuta na kukiacha. Ni bunduki ya porini.

Weusi wa nyuma ya komeo haukuletwa na jeki. Ni mafuta ya kusafishia chuma yaliyoteremka miaka mingi bunduki ikiwa imesimama kabatini mtutu juu. Mafuta hayo hayakauki, yanalainisha mbao, na hapo ndipo mshindo wa 9.3 unapofikia, mbao iliyolainika mahali hapo hupasuka. Hilo, ndugu yangu, ndilo tatizo kubwa la kitako chako, ingawa umeliandika mwishoni. Pata unga mweupe wa chokaa ya kabonati, ule wanaouita waitingi, uchanganye na asetoni mpaka uwe uji mzito, upake kwa unene wa milimita tatu juu ya weusi, ndani na nje. Fanyia nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara. Asetoni inayeyusha mafuta, ikipaa unga unayanyonya. Utauona ukigeuka kutoka mweupe kuwa wa manjano chafu. Upangushe kwa brashi, upake mwingine. Endelea mpaka unga utoke ukiwa mweupe. Huenda ikachukua siku kadhaa na weusi usiishe wote, lakini unato uishe. Mbao hapo itakuwa imepauka na kukauka, itabidi uipake mafuta ya kitani upya, mengi kuliko kwingine. Ukiona ufa wenye urefu wowote ukitoka nyuma ya chuma kuelekea shingoni, simama hapo hapo upeleke kwa fundi wa bunduki mwenye leseni.

Mafuta yenyewe: nunua ya kitani yaliyoandikwa kuwa yamechemshwa. Kusema kweli siku hizi hayachemshwi, yanatiwa chumvi za metali ili yakauke upesi, kwa hiyo usiyaonje na nawa mikono. Yale mabichi hukauka pia, ila yatakuweka wiki na wiki. Mkono wa kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentaini ili uingie ndani. Mikono inayofuata iwe mafuta matupu, na machache: matone matano ya ncha ya kidole yanatosha ubavu mzima. Sugua kwa kiganja mpaka usikie joto, acha robo saa, kisha futa yote yaliyobaki juu mpaka mbao ionekane kama hukupaka kitu. Kosa ninaloliona kuliko yote ni kuacha mafuta yakae juu yakauke yenyewe. Yanakuwa utando unaonata unaolazimu kukwanguliwa. Subiri saa 24 kati ya mkono na mkono. Huko Tabora wakati wa kiangazi hiyo inatosha; aliyeko Tanga au Mombasa kwenye unyevu asubiri siku mbili tatu, akigusa pawe pakavu kabisa ndipo aendelee. Mikono minne hadi sita kwenye sehemu ulizotibu, mmoja au miwili mepesi kitako kizima ili rangi ilingane. Sehemu mpya itakuwa imepauka kidogo mwanzoni. Iache, mafuta ya kitani huiva rangi kwa miezi.

Vitambaa vya mafuta hayo usivirundike wala kuvitupa kwenye ndoo ya taka. Mafuta yanapovuta oksijeni yanatoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinalihifadhi joto hilo mpaka kinawaka chenyewe, saa chache baada ya wewe kwenda kulala. Kitandaze kimoja kimoja kwenye kamba nje mpaka kikakamae, au kitumbukize kwenye kopo la maji lenye mfuniko. Karakana zimeungua kwa jambo hili.

Baada ya wiki mbili unaweza kumalizia na nta ya nyuki, na wewe uko Tabora, nta si ya kutafuta. Yeyusha kidogo kwenye tapentaini kwa kuweka kopo ndani ya maji ya moto, si juu ya moto. Mafuta ya kitani peke yake hayazuii maji sana, nta inasaidia mvua isiache madoa. Siku ukitaka kupaka mafuta tena, itoe kwanza kwa tapentaini.

Ukirudisha chuma kwenye mbao, kaza skrubu ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, kisha vile vijiskrubu. Kuanzia hapo iweke kabatini mtutu chini, juu ya kitambaa. Na kwa kuwa chuma kimetoka na kurudi, usiiamini saiti yake: piga risasi tatu kwenye shabaha ya mita 100 mahali panaporuhusiwa kabla ya kwenda kuwinda. Zikihama pamoja, rekebisha saiti. Zikitawanyika, skrubu hazijakaa sawa au mbao inaugusa mtutu mahali isipopaswa. Fungua utazame mferejini pale ulipopiga mvuke.